Kwa Wakesho, Kuhusu Sanduku Lililokuwa Likifa Rukanga

Wakesho, mpwa wangu, wewe uliyerithi akili zangu kisha ukasema ni za chuo,

Kwawuka mana, yaani umeamka salama, huko kwenye baridi ya Ujerumani? Sisi huku Voi tuko. Jua liko, vumbi liko, na mimi mjomba wako bado natembea wima, ingawa hapa mtaani Kaloleni kuna watu wangependa kuona vingine. Majina siyataji. Wanajijua.

Nakuandikia barua ya wazi, ya kusomwa na kila mtu, kwa sababu ujumbe wa simu nimeacha kuuamini. Nimekutumia mwingi. Kila mmoja umekaa pale na tiki moja ya kijivu, kama mbuzi aliyekataa kupanda lori. Mamako anasema pengine umebadilisha laini. Kesho yake anasema kazi zimekuzidi. Mimi nimekuwa dalali wa mbuzi tangu wewe hujazaliwa, na muuzaji akinipa sababu mbili za mbuzi mmoja kuchechemea, ninajua zote mbili ni za uongo.

Jambo lenyewe ni chumba chako. Kile cha mwisho kwenye ploti yangu, kinachotazama upande wa reli, ulichokuwa ukifanyia kazi zako. Kuna mwalimu mgeni amehamishiwa hapa mjini na amekuja kukiangalia zaidi ya mara moja. Mamako anataka nimpe. Anasema chumba kikikaa bure kinaliwa na mchwa, halafu akasema wewe hutarudi. Alisema hivyo akikoroga chai, macho kwenye kikombe. Kwa nini hakunitazama? Amejua nini ambacho mimi sijaambiwa? Mwalimu anataka jibu Jumapili baada ya kanisa, na kabla sijafungua mdomo nataka kujua kutoka kwako mwenyewe: unarudi au hurudi? Na je, kuna kitu juu yangu ulikibeba moyoni ukaondoka nacho?

Maana sisi wawili tumetoka mbali, Wakesho. Tumetoka kwenye lile sanduku.

Uliporudi kutoka chuo watu waliuliza umefukuziwa nini. Mimi ndiye niliyewaziba midomo, nikawaambia umerudi kwa kazi ya siri ya serikali, na kwa muda fulani walikuamkia kwa heshima sana mpaka ukaniomba niache. Nikakupa chumba. Ukajaza meza, ukajaza nyaya zilizolala kama matumbo ya mbuzi aliyepasuliwa, na katikati ukaliweka lile sanduku la kijivu, kubwa kama redio ya marehemu babu yako. Ulisema litafungwa kwenye nguzo ya ua kule Rukanga, shambani kwa mamako, chini ya mlima Kasigau. Litasikiliza ardhi. Ndovu akikaribia, litapiga king'ora na kutuma ujumbe kwa simu za wenye mashamba. Nilikuambia mimi sihitaji sanduku, ndovu wa upande ule wananijua. Yule dume mwenye pembe moja alinisalimia kwa mkonga mwaka wa ukame, na shahidi wa jambo hilo asingekuwa amekufa angekuambia.

Nilikuuliza pia kwa nini usitie ndani yake programu za tayari, kama watu wengine. Ukanijibu kwamba hizo zinakula umeme mwingi, na sola yako ilikuwa ndogo kama sahani ya chai. Kwa hivyo ulikuwa unaandika yako kuanzia chini, mpaka kile kiini chenyewe, ile sehemu ya ndani kabisa ambayo ikianguka kila kitu kinaanguka nayo. Nikakuuliza kiini kinafanya kazi gani. Tulikuwa tumekaa mlangoni, tunakula kimanga, ule muhogo wa kupondwa na maharage, na wewe ukanionyesha ploti yangu kwa kijiko.

"Kinafanya kazi yako, Anko," ukasema. "Kina vyumba vichache vya kumbukumbu. Kazi ikija inapewa chumba, ikimaliza inakirudisha, ipewe nyingine."

Tangu siku hiyo nimewaambia watu kwamba kompyuta zote duniani zimeundwa kwa mfano wangu. Hujawahi kunikatalia hadharani, na hilo nalikumbuka.

Hapa Kaloleni sanduku halikuwahi kukohoa. Ulilipigia meza kwa ngumi, likadhani ni ndovu, likalia, likatuma, simu yangu ikaita. Ukapiga tena, likatuma tena. Mpaka mpangaji wa chumba cha pili akatishia kuhama. Halafu tukalipeleka Rukanga, tukalifunga, mamako akaliombea, tukarudi nyumbani. Kufika Voi tu, mamako akapiga simu kwamba sanduku limezima taa.

Ukaenda, ukaliwasha, likafanya kazi mbele yako kama mtoto mbele ya wageni. Ukaondoka, likafa. Ukalirudisha Kaloleni, likawa zima. Ukalipeleka Rukanga, likafa. Pojo ya mamako ilikuwa imeshaanza kujaza maganda, na ndovu wameonekana upande wa pili wa mlima. Msimu uliotangulia walikuwa wamempitia shamba lote kwa kikao kimoja, na alisema wakimpitia tena ataacha kulima Rukanga aje kukaa kwangu. Nilikuwa na kila sababu ya kutaka sanduku lipone.

Sasa wewe ulishuku ulichoandika. Mimi nilishuku watu, kwa sababu watu ndio ninaowajua. Nilishuku kwanza yule fundi aliyekuuzia betri, kwa vile alikuwa mpole mno. Nikashuku jua la Rukanga. Nikashuku panya. Mwisho macho yangu yakatua kwa Mwakio, jirani wa mamako, mwenye shamba linalopakana na lake. Huyu alikuwa amekataa kuingia kwenye mambo ya sanduku tangu mwanzo. Alisema hawezi kuamriwa na kitu kisichokula. Na kila nikienda Rukanga namkuta anapitapita karibu na nguzo ile, mikono nyuma, akipiga mluzi. Mtu asiyependa kitu anakipitia vipi kila siku?

Kumbe wakati mimi namshuku Mwakio, kuna mtu alikuwa ananishuku mimi.

Mila yetu ya kutasa wewe unaijua, lakini barua hii ni ya wazi na si wasomaji wote ni Wadawida, yaani Wataita, kwa hivyo wacha nieleze. Sisi tunajua kwamba hasira iliyofichwa na ndugu inaweza kuharibu mambo ya mwenzake hata kama mwenyewe amenyamaza, na ya mjomba ni kali kuliko zote. Dawa yake ni mwenye hasira kuchukua pombe ya miwa mdomoni, kuipuliza nje, na kusema kilicho moyoni ili kitoke nayo. Mamako akaniita Rukanga siku ya Jumamosi. Akanitazama kama mnunuzi anavyomtazama mbuzi aliyelambishwa chumvi akanywa maji mpaka tumbo likavimba, aonekane mnene.

"Ndugu yangu," akaniambia, "sanduku la kwanza lilikuja kwangu, halikwenda kwenye shamba lako la Makwasinyi. Jambo hilo umelimeza, halijashuka."

Nilicheka. Nilicheka sana, mpaka wewe ukaacha kuchapa kompyuta yako ukanitazama. Nikamwambia mwanamume wa umri wangu hawezi kuwa na wivu na sanduku. Aliingia ndani akatoka na chupa ya soda ya machungwa, kwa sababu yeye ni kiongozi wa akina mama kanisani na pombe haiingii kwake. Basi nikatasa kwa soda. Nikapuliza upande wa nguzo, nikasema kwa sauti kwamba kama kuna hasira, na sisemi ipo, itoke iende zake. Soda nyingine ilikurukia kwenye miwani. Ukaifuta kwa pindo la kitenge, na niliona umeuma mdomo kuzuia kicheko.

Na sanduku likapona. Usinibishie, Wakesho, uliona mwenyewe. Siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata, liliwaka. Swala wakipita linalia, ng'ombe wakipita linalia. Nilirudi Voi nikatembea sokoni kama mtu aliyefufua maiti. Niliwaambia madalali wenzangu kwamba watu wa chuo wameshindwa, imebidi watafute mate yangu.

Halafu likafa tena. Mamako akanipigia simu, na kabla hajafika kwa sanduku alikuwa ameshaniuliza kama nilitasa kwa moyo wote.

Hapo ndipo jina langu lilipoingia mashakani, na hapo ndipo nilipochukua hatua. Nilikuambia naenda Rukanga kumsaidia mamako kupalilia. Ukweli ni kwamba nilienda kuingia kwenye mbaazi. Nililala humo kifudifudi mchana kutwa, siafu wakinipanda, na nyoka mmoja mkubwa akapita juu ya mgongo wangu, akasimama katikati kufikiri, akaendelea na safari. Sikutikisika. Nilikuwa na macho kwa Mwakio tu.

Nikamwona anakuja, mluzi na mikono nyuma. Akapita nguzo, akapanda kile kichuguu kilichoko mpakani, akatoa simu akaiinua juu ya kichwa. Akasubiri. Halafu simu ikalia, ikalia, ikalia, na taa ya sanduku ikazima papo hapo, mbele ya macho yangu. Nilimezea. Kesho yake nikamwomba mamako aliwashe, nikarudi kwenye mbaazi. Mwakio akaja, kichuguu, simu juu, ikalia mfululizo. Sanduku likafa.

Nilitoka kwenye ile mbaazi kama chui. Nilimwambia Mwakio leo nimemshika, atupe hiyo simu chini, ni mashine ya kuulia masanduku. Wenye mashamba walikusanyika, na wewe, uliyekuwa umefika asubuhi ile kuliangalia sanduku, ukaja mbio kutoka kwa mamako, kwa sababu kelele zangu zilikuwa zimefika huko. Mwakio hakutupa kitu. Alishuka kwenye kichuguu polepole, akanitoa jani la mbaazi kichwani, akawaonyesha watu.

"Dalali," akasema, "huko sokoni umefukuzwa, au siku hizi umeajiriwa kufukuza ndege?"

Walicheka wote. Nakumbuka nani alicheka na nani alijifanya anakohoa. Lakini wewe hukucheka. Ulikuwa umesimama na ule mkunjo katikati ya nyusi, na ulichoniuliza mbele ya watu wale wote sijakisahau.

"Anko, simu yake ilipolia, ililia mara moja, au ni jumbe nyingi zilikuja pamoja?"

Nikakuambia zilimiminika kama mbuzi wakifunguliwa boma. Ukamgeukia Mwakio, ukamwamkia kwanza, ukamuuliza kwa adabu kwa nini anapanda pale. Akakujibu kwa ile sauti ya mtu aliyeonewa kwamba upande ule wa mlima mtandao unapotea, na ukirudi unarudia pale kwenye kichuguu, na mwanawe yuko Mombasa, na hizo ndizo salamu za mwanawe zinazomfikia zikiwa zimerundikana. Mtandao ukirudi, zinaingia zote kwa pamoja. Ndiyo sababu anapita hapo kila siku.

Ukasema "Ukirudi," peke yako, kama mtu anayeonja mchuzi. "Si ukipotea. Ukirudi."

Kisha ukaondoka bila kuaga, ukaniacha na Mwakio na kundi lile na majani ya mbaazi shingoni.

Nilikufuata mpaka kwa mamako. Ulikuwa umeunganisha sanduku na laptopu na unasoma ile mistari liliyoiandika kabla ya kukata roho. Sasa hapa nasema wazi, watu wote wasikie. Wazo la majivu lilitoka kwangu. Wewe tangu mtoto umeniona jioni nikimwaga majivu laini mlangoni mwa boma, asubuhi nayasoma. Fisi ana wayo wake, mbwa ana wake, na mtu fulani wa ploti ya nyuma ana kiatu kilicholika upande mmoja. Wiki ile ulikuwa umelifanyia sanduku hivyo hivyo. Kila chumba cha kumbukumbu kilichorudishwa, ulikijaza alama zinazofanana, ukakifunga. Ukikuta alama zimevurugika, basi kuna aliyeingia mahali ambapo si pake tena. Ulisema, ukicheka, kwamba watu wa kompyuta wanafanya hivyo tangu zamani. Sawa. Lakini wao nani aliwaonyesha?

Majivu yalikuwa yamevurugwa. Uliniita nione. Mimi niliona tarakimu na herufi, lakini nilitikisa kichwa kama daktari. Ulinionyesha kwa kidole kwamba katikati ya alama zako kuna maneno mageni yamekanyaga, na maneno yenyewe ni yale majibu mafupi ambayo mtandao unatoa kusema ujumbe umefika. Huo ndio ulikuwa wayo. Na ulinieleza taratibu, kwa lugha ya ploti, mpaka nikaona kama niko mlangoni kwangu.

Sanduku likituma ujumbe linautengea chumba, na jibu la mtandao likija linaandikwa humo humo. Voi mtandao ni mzuri, jibu linarudi upesi, chumba kinarudishwa, amani. Rukanga mtandao unapotea. Ujumbe unatoka, jibu halirudi. Sanduku linasubiri, linachoka, linasema huyu hatarudi, chumba linampa mwingine. Halafu mtandao unarudi, Mwakio yuko kwenye kichuguu anapokea salamu za mwanawe, na lile jibu lililochelewa nalo linafika mbio na mizigo yake, linaingia moja kwa moja kwenye chumba lilichokijua, linamwaga vitu juu ya kitanda cha mtu mwingine. Kama mwenye chumba mpya ni kazi ndogo, hakuna kinachoonekana. Kama ni kiini chenyewe kimeweka humo mambo yake ya kuendesha nyumba, sanduku linakufa hapo hapo.

Nikakuuliza zile siku baada ya soda, mbona lilipona? Ulitafuta maneno, nikakuona. Ukasema siku zile busta ya simu, ule mnara wa mtandao, ilikuwa imeharibika, upande ule wote haukuwa na mtandao kabisa, kwa hivyo hakukuwa na jibu lolote la kurudi likiwa limechelewa. Nimelifikiria jibu lako muda mrefu. Swali langu bado ni lile lile, na hujalijibu: busta iliharibika siku niliyopuliza. Kwa nini siku hiyo?

Nilikuambia basi mwizi tumempata, ni huyo jibu anayeingia vyumba vya watu. Nilitaka umzibe njia asiingie tena. Ulivua miwani, na nadhani ulikuwa umechoka, maana uliniambia polepole sana.

"Hapana, Anko. Aliyechelewa hana kosa, alikuwa anarudi kwake. Kosa ni langu. Nilitoa chumba chake bila kuuliza kama bado yuko njiani."

Ukarekebisha. Hukuongeza ukuta, hukumfukuza mtu. Uliandika tu kwamba chumba cha ujumbe hakipewi mwingine mpaka kile kifaa cha mtandao chenyewe kiseme sasa basi, hakuna tena kinachokuja. Mistari michache. Nilikuwa nimetarajia kitu kikubwa zaidi, na wenye mashamba nimewaambia kilikuwa kikubwa.

Ndovu walikuja alfajiri, kabla ya wiki kuisha. Nilikuwepo. King'ora kililia, simu zikaita hadi kule kwenye nyumba za mwisho, tukatoka na masufuria, na mtandao ulipotea ukarudi, ukapotea ukarudi, na ile taa ya kijani ikabaki inawaka. Mamako aliishika ile nguzo akalia kimya. Pojo yake haikuguswa. Yule dume wa pembe moja alinitazama, akanitambua, akageuza familia yake yote kwa heshima yangu.

Aliigeuza ikaingia kwa Mwakio.

Hapo sina cha kutania. Kulipopambazuka, shamba la Mwakio lilikuwa kama uwanja wa mpira. Alisimama juu ya kichuguu chake na simu mkononi, hakuna mluzi. Wewe ulitembea ndani ya shamba lile mpaka mwisho, ukarudi. Na sanduku la pili, lile ambalo tulikuwa tumekubaliana mbele ya mamako kwamba litakwenda Makwasinyi kwangu, ukamfungia Mwakio, mtu aliyeniita mfukuza ndege. Hukuniuliza. Nilikuja nikalikuta kwenye nguzo.

Mimi nilisema nini? Nilisema vizuri. Nilisema ni jirani. Nilirudi Voi siku hiyo hiyo kwa sababu nilikuwa na mbuzi wa kuangalia.

Halafu ile kazi ya Ujerumani ikaja, mambo yakaenda haraka, na siku ya wewe kusafiri sikufika stesheni. Najua mamako amekuambia sababu zake. Sababu ya kweli ni kwamba beberu wa mteja, wa rangi mbili, alikata kamba sokoni, akaingia benki, akatoka na kofia ya askari, na nikamkimbiza kwa miguu mpaka karibu na Maungu. Uliza mtu yeyote. Treni yako niliiona ikipita. Niliiona vizuri kabisa nikiwa nimesimama, ufunguo wa chumba chako mkononi, nikajaribu kuhesabu madirisha nijue wewe uko lipi, ila ilikuwa inakwenda kasi.

Ndiyo maana nakuuliza, Wakesho. Tiki moja. Mwezi unaingia mwezi unatoka, tiki moja. Nimeshuku simu yangu, nikaipeleka kwa fundi, akasema ni nzima, nikamshuku fundi. Nimemshuku mamako kwamba mnaongea kisiri. Nimeshuku hao Wajerumani, kwamba wanawanyang'anya watu simu mlangoni mwa kazi. Na siku nyingine, nikikaa pale tulipokuwa tunakula kimanga, nakushuku wewe. Nasema labda alifikiri sikuja stesheni kwa ajili ya sanduku. Labda naye amemeza kitu, na kwetu kitu kama hicho hakikai bure, kinatafuta pa kuharibu. Mbuzi watatu wamenifia ghafla, sisemi ni wewe.

Kwa hivyo leo asubuhi, kabla ya kuandika, nimenunua soda ya machungwa. Nimesimama mlangoni mwa chumba chako nimetazama upande wa reli, nimepuliza. Nimesema jina la Mwakio, nimesema jina la Makwasinyi, nimesema stesheni. Kama kulikuwa na kitu moyoni mwangu, na mpaka sasa sisemi kulikuwa, kimetoka na ile soda na kuku wa jirani wameinywa. Nawe fanya hivyo huko, hata kwa maji ya bomba. Hakuna haja ya kunieleza ulisema nini.

Mamako apewe habari hii hapa hapa, asome na wengine. Chumba nimekifagia. Meza iko, na nyaya zako sijazigusa ingawa bado sizipendi. Jioni namwaga majivu mlangoni, asubuhi nayasoma. Kuna nyayo za kuku, na siku moja ya kiatu kilicholika upande mmoja, huyo nitashughulika naye. Zako bado.

Jumapili nitamwambia mwalimu chumba kina mwenyewe. Akiuliza mwenyewe yuko wapi, nitamwambia yuko njiani, ni mtandao tu wa upande huu ndio mbaya.

Lala salama kwenye baridi hiyo, mama. Vaa soksi.

Ni mimi mjomba wako, mwenye ploti, Kaloleni.